Mwaka Niliopigwa Picha

Seif alipokufa, jamaa zake walimtuma kijana kwangu kuniomba nimsamehe marehemu. Alikuja adhuhuri, kabla jeneza halijatoka, akasimama mlangoni na viatu mkononi, akasema kwa adabu, "Shikamoo, bibi. Nimetumwa na wazee. Wasema kama marehemu alikukosea, umsamehe, maana leo yuaenda kwa Mola wake." Nilimtazama yule kijana. Hakuwa ameambiwa lolote. Alikuwa na uso wa mtu aliyetumwa dukani. Nikamwambia, "Waambie nimesamehe," naye akashukuru, akaenda mbio ili awahi maziko. Nami nilisema kweli. Mtu aliyelazwa kwenye ubao wa kuoshea maiti hana tena mkono wa kumwinulia mtu, na sikuwa na haja ya kumzuia njiani. Ila tangu saa ile mwaka ule umekuwa ukinirudia, vyumba vyake, vyakula vyake na sauti zake, hata nikaona bora niuseme wote kwa mara moja. Waliokuwapo wamebaki wachache, na wanaosimulia siku hizi husimulia nusu yake.

Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya Wajerumani. Gari la moshi lilikuwa limekwisha kuzoeleka, wakubwa wa serikali na matajiri wakisukumwa mjini kwenye vigari vya reli, na sisi wanawake wa nyumba za mawe tulitoka kwa nadra, jioni, tumejifunika gubigubi. Niliolewa mwaka huo na Seif, mwenye ghala la ngozi Kilindini, mtu aliyesifiwa msikitini kwa sauti yake ya upole. Mama yangu, Bi Rukia, alifurahi mno kwa ndoa ile hata akataka furaha yake iwekwe mahali isipotee. Alikuwa amekiona kitabu nyumbani kwa mke wa tajiri mmoja wa Kihindi: kitabu kikubwa cha jalada la mahameli, ndani yake picha za watu wa nyumba ile zimebandikwa kwenye karatasi nene, na kando ya picha vimeshonewa vipande vya nguo ya arusi, maua makavu ya asumini, nywele za kwanza za mtoto, alama za viganja zilizopigwa kwa hina. Fundi wa vitabu hivyo alikuwa Bi Filomena, mjane wa Kigoa aliyekaa karibu na Ndia Kuu. Mumewe alikuwa mpiga picha, na alipokufa kwa homa alimwachia mashine yake. Zile nyumba ambazo mumewe hakuweza kukanyaga hata ukumbini, yeye zilimfungulia milango hadi vyumba vya ndani.

Nakumbuka alivyoingia kwa mama mara ya kwanza. Mwanamke mfupi, mpana wa mabega, amevaa gauni jeusi, anatafuna karafuu, na nyuma yake mchukuzi amebeba mashine na miguu yake mitatu. Kucha zake zilikuwa nyeusi kabisa kwa dawa za kusafishia picha, na mama, aliyedhani ametia piko, ile rangi nyeusi ya urembo, akamsifu. "Si piko, mama," akasema Filomena. "Ni kazi." Akazunguka ukumbini akifungua na kufunga madirisha kutafuta mwanga, akawagombeza watumishi kana kwamba nyumba ni yake, kisha akaketi, akanywa kahawa, akatoa masharti. Kitabu cha ukoo, alisema, hakitengenezwi kwa siku moja. Kilitaka mwaka mzima. Angekuja wiki ya arusi, angekuja Idi zote mbili, angekuja mimba ikionekana, angekuja mtoto akizaliwa, na kila safari angepiga picha na kuchukua kitu cha kubandika. "Na wanaume?" mama akauliza. "Picha za mwanangu zisije zikaonwa na watu wa nje." Filomena akanyoosha mikono yake. "Vioo vya picha nasafisha mwenyewe, kwa vidole hivi. Dukani kwangu hakuna mwanamume ila yule aliye ukutani, naye ni marehemu." Mama alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Seif alipoulizwa aliridhia. Alisema hayo ni mambo ya wanawake.

Picha ya kwanza ilipigwa Kuze, katika nyumba ya kina Seif ambamo sasa nilikuwa nakaa. Ghorofa ya juu ilikuwa yangu na Seif, na chini walikaa mamake, Bi Mwanakheri, na mdogo wake Seif aitwaye Hemedi. Baina yetu palikuwa na ngazi ya mawe, nyembamba, yenye giza hata mchana. Niliketishwa karibu na dirisha, nimevaa kanzu ya hariri na dhahabu ya mahari yote, nikaambiwa nisipepese macho. Filomena akaingia kichwa chini ya kitambaa chake cheusi, na humo ndani karafuu ikampalia, akapiga chafya mashine nzima ikaruka. Nikacheka. Naye, badala ya kungoja ninyamaze, akafyatua. "Hiyo ndiyo," akasema akichomoza kichwa, machozi yakimtoka. "Wengine wote hutoka kama wamefiwa." Ilipokuja karatasini ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupigwa. Meno yote nje, macho yamefinyika. Hata leo nikiitazama nampenda yule msichana, natamani kumshika mkono nimtoe chumbani mle.

Seif aliiona baada ya chakula. Nilikuwa nimempikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, amekula vizuri, amenawa, na mimi nilikuwa nimeshika sinia la vyombo nataka kuteremka. Akaishika ile picha karibu na taa. "Ulikuwa ukimcheka nani?" Nikamwambia Bi Filomena alipiga chafya. Akaitazama tena, kisha akauliza kwa sauti ile ile ya upole, "Ulikuwa ukimcheka nani?" Nikadhani hakunisikia, nikaanza kusimulia habari ya karafuu. Bakora yake ilikuwa imeegemea kitanda. Sikuona akiichukua. Pigo la kwanza lilinipata mkono ulioshika sinia, vyombo vikamwagika, na la pili likanipata shingoni nilipoinama kuvizoa. Alipiga bila ya kusema neno, bila ya kuhema, kama mtu anayekung'uta mkeka, na kila alipotua ili kuuliza swali lake, aliuliza lile lile. Mwisho nikasema, "Nilikucheka wewe," maana nilitaka jibu lolote litakalomkomesha, na hilo ndilo lililoniletea pigo lililonivunja jino. Na huko chini kinu cha kahawa kikaanza kutwangwa. Kilitwangwa kwa nguvu, kwa haraka, mpaka mbao za sakafu zikatetemeka chini ya shavu langu. Bakora ilipotulia, kinu nacho kikatulia.

Siku ile nilidhani ni sadfa. Mara ya pili nikaanza kushangaa, na baada ya hapo nikajua. Kila Seif alipoinua mkono, Bi Mwanakheri alimwamrisha mtumishi atwange, ili majirani wa ng'ambo ya kichochoro wasikie kinu wasinisikie mimi. Asubuhi yake alikuwa akipanda na uji wa mtama wenye tangawizi, akaniosha kwa maji ya chumvi, akanifunga kitambaa, mikono yake miepesi kuliko ya mama yangu mwenyewe. "Seif hapendi mzaha," aliniambia. "Mzoee tu, mwanangu, utaona raha yake." Na raha ilikuwapo, nisiseme uongo. Aliniletea halua, aliniletea manukato, aliwahi kukaa kitako sakafuni akinichania nywele kwa saa nzima akinisimulia habari za Kilindini. Nilijifunza kusikiliza miguu yake ngazini. Akipanda kwa haraka nilitengeneza birika la maji. Akipanda polepole nilivua vipuli masikioni, maana aliwahi kuning'oa kimoja pamoja na ndewe ya sikio. Siku ya Jumaa nilipokwenda kwa mama nilimwambia. Tulikuwa tunachambua mchele. Hakuinua macho. "Ni mwaka wa kwanza, mwanangu. Vumilia. Hata baba yako alikuwa na hasira." Akaendelea kuchambua, na mimi nikachambua naye.

Idi ya kwanza Filomena alikuja na mashine yake, akanikuta jicho moja limevimba limefumba. Alisimama mlangoni akitafuna. Alitoa kikopo cha poda mkobani, akanipaka taratibu, akanigeuza uso upande wa kushoto, akanipangia mtandio ukafunika shingo. "Mwanga wa upande huu ni mzuri," akasema, na wote wawili tulijua mwanga haukuwa sababu. Picha ile imo kitabuni: bibi arusi mtulivu, anatazama pembeni, kama anayesikiliza adhana. Aliyeiona aliisifu. Mama aliibusu. Idi ya pili nilikuwa nimekwisha kushika mimba, na Filomena alikuja na kofia ndogo nyeupe aliyoifuma mwenyewe, akasema siku mtoto akizaliwa ataivaa kwanza apigwe picha, kisha itashonewa ukurasani. Niliishika kofia ile mkononi ilhali yeye ananipaka poda. Mara hii ilikuwa mdomo, umepasuka, na alama za vidole vitano shingoni. Nilikuwa sijapanga kufanya neno. Nikahisi tu ile poda ikiniwasha kidondani, nikachukua ncha ya leso yangu, nikaipangusa yote.

"Usifanye hivyo, bibi," Filomena akasema. "Nipige hivi hivi," nikamwambia. "Mama yako ametaka kitabu cha furaha." "Mama ametaka kitabu cha ukoo," nikamjibu. "Hakusema cha furaha. Huu ndio ukoo nilioolewa." Akakaa kitako juu ya sanduku lake. Akasema kwa sauti ndogo, "Mume wangu mimi hakunipiga hata siku moja. Alikuwa mlevi, lakini akilewa alilia." Kisha akainuka, akanigeuza uso, safari hii ukaelekea dirishani wazi, akanivua mtandio shingoni, akasema nisipepese. Sikupepesa. Yeye ndiye aliyekaa chini ya kitambaa muda mrefu kuliko kawaida.

Picha ile alimpelekea mama kama alivyompelekea nyingine, na mama akaichana vipande. Nilisimuliwa baadaye na Filomena mwenyewe: aliichana, akamtukana, akamwita mchawi, akamfukuza mpaka mlango wa nje, na watoto wa kichochoroni wakamfuata wakimzomea. Lakini kioo chake kilibaki dukani, na kioo kimoja huzaa picha nyingi. Ugomvi huo ulinifikia kwanza kwa mtumishi wa mama, nikaona sasa kitabu kimekufa. Sikuwa na nafasi ya kukisikitikia. Siku zile Seif alikuwa amepata hasara, shehena ya ngozi ilimwozea ghalani kwa mvua, na alikuwa akirudi nyumbani na ile harufu ya ngozi mbovu nguoni na nyweleni, mpaka leo nikiipata mahali hutapika. Alinikuta alasiri moja nimekaa kwenye mkeka nashona. Aliniambia niondoke njiani. Nilikuwa mzito, nikachelewa kuinuka. Akanipiga teke la tumbo, nikaanguka ubavu, akanipiga la pili, nikakunja magoti kulinda, naye akayakanyaga magoti mpaka yakanyoka, akapiga la tatu. Kinu kilitwanga. Nilikiomba kinu, si yeye. Nilisema, "Mama, wacha kutwanga. Mama, wacha kutwanga." Nilipozinduka palikuwa na damu kutoka mkekani hadi kizingitini, na Bi Mwanakheri alikuwa amepiga magoti pale na ndoo na tambara, anapangusa, anapangusa.

Mtoto alikuwa mwanamume. Alizikwa na Hemedi bila ya jina. Nikachukuliwa kwa mama katika kitanda cha kamba, nimefunikwa, na wapita njia wakadhani ni maiti. Mama ndiye aliyenivua nguo. Alifungua kitambaa kimoja baada ya kingine, akaona mgongo, akaona magoti, akaona sikio, na katika kunivua ikaanguka ile kofia nyeupe, ilikuwa ndani ya kanga yangu, nusu yake imekuwa nyekundu. Mama hakulia. Aliiokota, akaikunja, akatoka ukumbini, nikamsikia anamwambia mtumishi, "Nenda kamwite Mgoa. Mwambie namwomba radhi. Mwambie aje na mashine." Filomena alifika kabla ya maghribi, mwanga ungali upo. Alinipiga picha nikiwa nimelala, mgongo, magoti, uso. Alipomaliza mama akampa kofia. "Tia." Filomena akauliza, "Na ile niliyokuchapia, uliyoichana?" "Nayo tia. Tia yote."

Nilikaa kwa mama mpaka mfungo sita, mwezi wa maulidi. Wanaume wa pande mbili walikwisha kukutana, wakaamua mambo yameisha, nirudi kwa mume wangu, na Seif alikuwa ameapa mbele yao, machozi yanamdondoka, nao wakamwamini kwa sababu ya sauti ile. Mama hakubishana nao. Alisema tu anataka kusomesha maulidi ya wanawake nyumbani kwake, kisha nitarudi. Walikuja wengi, ukumbi ukajaa udi na asumini, na baada ya kusoma kukakaliwa mikekani, kukatolewa biriani, mkate wa kumimina, kaimati zenye shira, kahawa chungu. Bi Mwanakheri alikuwa mahali pa heshima, kwenye mto, mimi ubavuni pake. Ndipo mama alipokileta kitabu. Jalada lake lilikuwa mahameli ya kijani, na wanawake wakapiga vigelegele kukiona, maana wengi hawakuwahi kukiona kitu kama kile. "Dada," mama akamwambia, "hiki kitabu cha watoto wetu. Kianze kwako."

Bi Mwanakheri alikifungua akitabasamu. Ukurasa wa kwanza nacheka, na kando yake kipande cha hariri ya arusi. Wanawake waliomwinamia mabegani wakacheka nao. Wa pili natazama pembeni. Wa tatu mdomo umepasuka, shingo ina vidole. Pakawa na mtu aliyesema "Astaghfirullahi," na vigelegele vya nyuma, vya wale ambao hawajaona, vikakatika kimoja kimoja. Aligeuza. Aligeuza. Mkono wake haukusita mpaka alipofika kwenye kofia. Aliigusa kwa kidole kimoja, pale ilipokakamaa. Kisha akainua uso. "Nani ameruhusu haya?" "Mimi," mama akasema. "Wamwaibisha mwanangu mbele za watu, Rukia?" "Mwanao ndiye aliyepiga, dada. Mgoa amepiga picha tu." Bi Mwanakheri alikifunga kitabu, akakiweka juu ya mkeka, akajitanda, akaondoka bila ya kumaliza kahawa yake. Nikamfuata nyuma, maana ilikuwa imeahidiwa kwamba nitarudi, na njia nzima ya Kuze hakunigeukia.

Habari kama ile haikai ndani. Siku chache baadaye Seif aliisikia Kilindini, kwa mtu aliyedhani anamtania. Alirudi alasiri. Nilisikia miguu ngazini, polepole, nikavua vipuli. "Kitabu ki wapi?" akauliza. Nikamwambia kiko kwa mama, na sikumdanganya. Alinishika nywele akanizungusha mkononi mwake kama kamba, akanigonga uso kwenye nguzo ya kitanda, akauliza tena. Nilihesabu nitapigwa mpaka nife, nikashangaa kwamba sikuogopa sana. Nilikuwa nasikiliza kinu. Akanipiga bakora ya mbavu, kimya. Akapiga tena, kimya. Nilisikia sauti yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza mle ndani, ikitoka dirishani, ikivuka kichochoro. Kisha nikasikia miguu mingine ngazini, mizito, inayopumzika kila kipandio, na Bi Mwanakheri akasimama mlangoni akihema.

"Mwache, Seif." "Shuka chini, mama." "Sishuki." "Mama, nakwambia shuka." Akaingia, mwanamke mfupi yule asiyenifika hata begani, akaikamata bakora kwa mikono miwili. Seif akaivuta, mama yake hakuiachia. Wakavutana kama watoto wanaogombea kitu, mpaka mlangoni, mpaka juu ya ngazi, na pale Seif akaichomoa akampiga nayo usoni. Niliona damu ikiruka ukutani. Mama yake alibaki amesimama, amejishika shavu, anamtazama kama mtu anayejaribu kumkumbuka. Ndipo Seif akamsukuma. Alianguka ngazi yote. Sauti ya mfupa juu ya jiwe nimeisikia mara moja tu maishani, na sitaisahau.

Nikapiga ukelele. Hemedi alikuwa ukumbini na majirani wawili waliokwisha kuvutwa na sauti yangu. Wakamruka Bi Mwanakheri, wakapanda. Seif alichomoa jambia kiunoni. Alimkata Hemedi kiganja, kikafunguka kama samaki, na Hemedi hakurudi nyuma, alimwingia kwa kichwa kifuani. Wakamwangusha pale pale nilipozoea kuanguka mimi. Wakampiga kwa ngumi, wakampiga kwa mateke, wakampiga kwa bakora yake mwenyewe, na yule mtu asiyepaza sauti alilia kwa sauti, akaita mama yake. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni nimeegemea ukuta, jicho moja limejaa damu, natazama kwa lililobaki. Sikuwaambia waache. Wangeendelea mpaka magharibi nisingewaambia. Sauti iliyowakomesha ilitoka chini ya ngazi, nyembamba, imekatikakatika: "Msimuue. Mfungeni." Wakamfunga kwa kilemba chake.

Mkono wa Bi Mwanakheri ulikuwa umevunjika mahali pawili. Mganga wa viungo alimfunga vijiti, nami nikamuuguza, maana wote wawili tulichukuliwa kwa mama yangu, tukalazwa chumba kimoja, tukinyweshwa supu ya kuku kwa kijiko kimoja. Mchana mmoja, uso wake umeelekea ukutani, akasema, "Kinu kile si changu. Nilikikuta. Mamake mume wangu alinitwangia mimi." Akavuta shuka mpaka kidevuni. "Seif alikuwa mdogo, akikaa pale chini kwa bibi yake wakati wa kutwanga. Alipenda harufu ya kahawa. Nilipopona nilikuwa nikishuka namkuta amelala karibu na kinu, nikashukuru kwamba hakusikia." Hakuniomba msamaha. Nilimwekea mto vizuri chini ya mkono.

Kwa kadhi Bi Mwanakheri alikwenda kwa miguu yake. Mama yangu alichukua kitabu chini ya nguo, lakini kadhi, mzee mwenye haya, aliposikia ndani yake mna picha za mwanamke hakutaka kifunguliwe. Seif alisimama pale amevimba, akasema kwa upole kwamba ni ugomvi wa nyumbani, mke wake ni mkaidi, mama yake ameteleza ngazini. Kadhi akamgeukia Bi Mwanakheri. "Uliteleza, mama?" Wajomba zake Seif wote walikuwa wamekaa nyuma yake, na mmoja alikohoa. "Sikuteleza," akasema. "Alinipiga kwa bakora, akanisukuma. Na huyu mtoto amempiga tangu wiki ya arusi, na mimba aliitoa yeye kwa miguu yake, mimi nilipangusa damu. Nataka amwache leo, mbele yangu." Seif aliangalia wajomba wake, nao wakaangalia mikeka. Akatamka talaka. Baada ya wiki hiyo aliondoka mjini, na mimi sikusikia habari zake tena mpaka aliporudishwa kuzikwa, kijana yule akaja kuniombea radhi kwa niaba ya maiti.

Kitabu kilikuwa hakijaisha. Ulibaki ukurasa, na mama alitaka nipigwe picha ya mwisho nikicheka kama ile ya kwanza. Filomena alikuja, akafungua na kufunga madirisha, akagombeza, akaniketisha. Nilijaribu. Kila nikivuta mdomo, palipovunjika jino pakaingia baridi, nikaufumba. "Haidhuru," Filomena akasema, "tutakuja mwakani." Alikuwa anaanza kukunja miguu ya mashine Bi Mwanakheri alipoingia kutoka chumba cha ndani, mkono ungali kwenye vijiti, upande mmoja wa uso ni zambarau na manjano. Hakusema na mtu. Alikaa kwenye kiti changu, akaelekea dirishani, akajivua mtandio kichwani kwa mkono mmoja. Mvi zake sikuwa nimeziona kabla ya siku ile.

"Nami," akasema.

Filomena alitazama mkobani, kwenye kikopo cha poda, akaufunga mkoba. Akaingia chini ya kitambaa. Alipokwisha, alitoa kalamu na wino mweupe ambao huandikia chini ya picha, akakaa juu ya sanduku lake na ukurasa magotini. "Jina niandike nani, mama? Mwanakheri binti nani?"

Bi Mwanakheri alikuwa anajifunga mtandio. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma mkono taratibu. "Jina langu liwache," akasema. "Andika Mamake Seif."

Filomena akamtazama mama yangu, na mama yangu akamtazama mwenzake. Kisha Filomena akachovya kalamu.